Wanawali Kumi Nao Walitoka Usiku





Wiki hii nimeiweka kando tafakari niliyokuwa nimeiandaa, kwa kuwa lipo jambo linalochemka katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo, nalo likiachwa litaunguza chungu kizima. Mabinti sita wa huku kwetu, wote wamevuka umri wa miaka 20, wote wanakula jasho lao wenyewe, wamekuwa wakichangishana fedha kidogo kidogo kwa njia ya simu. Nia yao ni kupanda basi hadi Dar es Salaam, kulala kwa dada wa mmoja wao, na usiku wa Jumamosi kwenda klabu kucheza muziki, wao kwa wao, pasipo wanaume. Ujumbe wa mpango huo ulitoka katika kundi lao la WhatsApp, ukafika katika simu isiyohusika, na hatimaye ukasomwa kwa sauti baada ya Rozari, kana kwamba ni hati ya mashtaka.

Tangu siku hiyo nimeletewa madai matatu. La kwanza, mabinti hao waondolewe kwaya. La pili, mama zao waonywe mbele ya WAWATA. La tatu, paroko ahubiri juu ya Sodoma na Gomora.

Jibu langu ni hili. Mabinti hawataondolewa kwaya. Mama zao hawataonywa. Mahubiri nayatoa hapa, ila nachelea kwamba walioyaomba hawatayafurahia.

Si kwamba naishabikia klabu ya usiku. Mtaona hapo mbele kwamba biashara ile naipinga kwa nguvu zangu zote. Lakini anayetaka kupiga vita ubaya sharti aupige pale ulipo, wala si pale alipo mtu dhaifu wa kupigwa. Ubaya hauko katika wasichana kutoka pamoja na kufurahi. Ubaya uko mlangoni: ni nani anayeushika mlango wa furaha yao, na anapata faida gani?

1. Maandiko na mabinti watokao usiku

Tuanze na Injili ya Mathayo 25:1-13, ambayo wengi wetu tunaijua kwa moyo na ambayo, kwa maoni yangu, hatujapata kuisoma vizuri. Wanawali kumi wanatoka. Wanatoka usiku. Wanakwenda harusini, penye chakula, kinywaji na ngoma. Bwana wetu anawagawa makundi mawili, watano wenye busara na watano wapumbavu; na ninyi mniambie, je, wale wapumbavu wanalaumiwa kwa kutoka usiku? Hapana. Wote kumi walitoka. Je, wanalaumiwa kwa kusinzia? Hapana. Wote kumi walisinzia. Lawama ni moja tu: walikwenda bila mafuta ya akiba. Walipanga safari ya kwenda, hawakupanga saa ya giza. Yesu hakusema kwamba mwanamwali mwenye busara ni yule aliyebaki nyumbani.

Sasa tuitazame sura ambayo wahubiri wameitumia kwa karne nyingi kuwatisha wasichana, yaani Mwanzo 34. Dina, binti wa Yakobo, alitoka kwenda kuwatazama mabinti wa nchi ile. Ilikuwa safari ya msichana kuwaona wasichana wenzake. Shekemu, mwana wa mtawala wa mji, akamwona, akamkamata, akamtenda jeuri. Hata watakatifu wakubwa, akiwemo Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux katika karne ya 12, walimlaumu Dina kwa udadisi wake. Nawaheshimu watakatifu, lakini namheshimu zaidi Roho aliyeyavuvia Maandiko, na Maandiko yanasema kwamba aliyetenda upumbavu katika Israeli ni Shekemu. Tena yanatueleza jambo la aibu juu ya baba wa binti: Yakobo alipopata habari, alinyamaza. Alipokuja kusema mwishoni mwa sura, alilalamika kwamba jina lake limeharibika kwa majirani. Baba anayelilia jina lake kabla ya kumlilia binti yake hakufa pamoja na Yakobo. Yupo hata leo, na baadhi ya siku anakaa kiti cha mbele kanisani.

Anayetaka zaidi asome Waamuzi 21. Mabinti wa Shilo walitoka kucheza ngoma katika sikukuu ya Bwana. Wanaume wa Benyamini wakajificha katika mashamba ya mizabibu, na kila mmoja akajinyakulia msichana. Ni nani aliyewapa shauri hilo? Wahuni wa mjini? La hasha. Walikuwa ni wazee wa mkutano. Mabinti walikuwa wakicheza kwa heshima ya Mungu. Hatari ilitoka kwa waliojificha, na ilibarikiwa na waliokuwa wameketi barazani. Kitabu chenyewe kinafunga ukurasa kwa huzuni, kikitukumbusha kwamba siku hizo kila mtu alifanya aliloliona kuwa jema machoni pake.

2. Ukwangala ulikuwa wa nani?

Tuyaache kidogo Maandiko, tuje nyumbani. Wengi wenu mnajua kwamba kati ya mwaka 1934 na 1938 waliishi huku kwetu wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, wakijifunza mila za Wanyakyusa. Mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu kiitwacho Good Company, na jina hilo ni jaribio la kulitafsiri neno letu wenyewe: ukwangala. Watoto wa siku hizi labda hawalijui uzito wake. Ni raha ya kuwa pamoja na wenzako. Kula nao, kunywa nao, kuzungumza na kubishana nao kwa adabu, watu walio sawa. Babu zetu waliliona jambo hili kuwa shule ya utu. Mtu aliyekua bila ukwangala alihesabiwa kuwa hajafundwa.

Na jinsi walivyolithamini, walilijengea vijiji. Mvulana alipofika umri wa miaka 10 au 11 aliondoka kulala kwa wazazi, yeye na rika lake wakajenga vibanda vyao pembeni, wakawa wanakwenda kwa makundi kula katika nyumba za mama zao, mara kwa huyu, mara kwa yule. Kijiji kile kikakua pamoja nao, wakaoa humo, wakazeeka humo. Ni mpango ambao wasomi wa dunia nzima waliushangaa.

Lakini niulize swali ambalo halijapata kuulizwa katika vikao vyetu: dada zao walijengewa kijiji gani? Hakuna. Binti aliposwa mapema, mara nyingi kwa mwanamume aliyempita sana umri, na akapelekwa katika kijiji cha rika la mumewe. Rika lake yeye lilitawanyika kama vifaranga. Ukwangala wa kaka ulikuwa na nyumba, ua na jina. Ukwangala wa dada ulikuwa njiani kwenda mtoni, na ndoo ilipojaa ulikwisha.

Je, leo tumebadilika? Tembeeni jioni katika vijiji vyetu mtazame. Vijana wa bodaboda wana kijiwe. Wazee wana kilabu, na mrija katika chungu cha kimpumu. Wanaume wa rika langu wana kibanda umiza, ambako hutazama mpira wa Ulaya hadi usiku wa manane, wakirudi wakiwa wamepoteza fedha katika mikeka ya kubashiri, na siku ya pili hakuna jumuiya inayowajadili. Msichana akisimama kwenye kona dakika kumi na wenzake, tayari amepewa jina. Akicheka kwa sauti, ameharibika. Halafu tunashangaa kwamba mabinti sita wanatafuta kijiji chao zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa!

3. Wacheza ngoma waliolijenga taifa

Mzee mmoja ameniandikia kwamba mwanamke anayependa ngoma hana faida kwa nchi. Mzee wangu, kwa heshima zote, nchi hii ilipatikana kwa msaada mkubwa wa wanawake wapenda ngoma.

Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, TANU ikiwa changa na ikiwa na upungufu mkubwa wa wanawake, alikabidhiwa kuongoza tawi la wanawake. Alianzia wapi? Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama wa mjini, wale wale ambao waheshimiwa wa siku zile waliwaona kuwa watu wa starehe tu. Katika muda wa miezi ipatayo mitatu wanawake zaidi ya 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Mtafiti Susan Geiger aliyekusanya masimulizi ya wanawake hao, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alionyesha kwamba umoja waliouzoea katika ngoma, wa kuchangishana, kusaidiana na kutunza siri, ndio uliokuwa mtaji wao katika siasa.

Pwani pia walikuwa na unyago, ambamo mwari alifundwa na wanawake watupu kwa ngoma na nyimbo. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake marefu katika kazi hiyo. Si kila fundisho la unyago linapatana na katekesimu yetu, na hilo mnalijua. Lakini lipo jambo moja ambalo kila mama wa pwani anaweza kulithibitisha: mwanamume hakuingia. Mlango ulishikwa na wanawake wenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka mfike. Tofauti kati ya ngoma ile na klabu ya leo haiko katika mdundo, wala katika kiuno, wala katika saa ya usiku. Iko mlangoni.

4. Mlango usiolipiwa

Katika miji yetu mikubwa, kama ilivyo Nairobi, London na kwingineko duniani, ni desturi ya klabu nyingi kutangaza kwamba usiku fulani wanawake wanaingia bure, au wanaingia bure kabla ya saa fulani. Wasichana wengi huupokea ukarimu huo kwa shukrani. Mabinti zangu, naomba tufikiri pamoja. Mwenye klabu analipa kodi ya jengo, umeme, leseni, wapiga muziki na mabaunsa. Ni mfanyabiashara, si Mtakatifu Visenti wa Paulo. Kwa nini amsamehe nusu ya wateja wake?

Mkulima wetu anayepeleka ndizi soko la Kiwira analipa nauli, analipa ushuru. Mnunuzi naye analipa bei. Yupo mmoja tu katika soko lile asiyelipa hata senti, naye ni ndizi.

Huo ndio ukweli wa mlango wa bure. Msichana halipi kwa sababu yupo anayelipa kwa ajili ya kuwapo kwake. Mwanamume anatozwa kiingilio, anauziwa meza na chupa kwa bei iliyozidishwa mara kadhaa, naye ameahidiwa kimyakimya kwamba humo ndani kuna wasichana wengi. Akishanunua chupa na kumtumia mmoja glasi, moyoni mwake hesabu imeanza. Msichana anadhani amepewa zawadi. Mwanamume anadhani ameweka rubuni. Ugomvi wa saa 9 usiku, pale nje, huzaliwa katika tofauti hiyo ya hesabu.

Hili ndilo ninalolipinga, na sitalipinga kwa kunong'ona. Biashara inayomfanya binti wa Mungu kuwa chambo cha kuuzia pombe ni biashara inayotukana sura na mfano wa Mungu, hata kama ina taa nzuri na leseni halali. Lakini angalieni: hasira hii inamhusu mwenye duka na mnunuzi. Hivi kuna hakimu gani anayekwenda sokoni akaifunga ndizi?

5. Mawe yanajua njia moja tu

Naam, wapo. Juni 2024, katika Wilaya ya Ubungo, Dar es Salaam, ilifanyika operesheni ya usiku ambayo wanawake walikamatwa wakituhumiwa kuuza miili yao, na nchi nzima ikabishana juu ya haki na utu wao. Sijadili hapa kesi ya mtu yeyote. Nauliza swali lile lile linaloulizwa na sura ya 8 ya Injili ya Yohane. Sheria ya Musa, katika Walawi 20:10, ilitaja wawili. Mafarisayo walimleta mmoja. Yule mwingine alipitia dirisha gani? Kama kulikuwa na uuzaji, palikuwa na ununuzi. Mbona wanunuzi hawakupata sifa iliyo sawa na hiyo katika vinywa vyetu?

Kisha ikaja Agosti 2024. Video ya binti mmoja wa Dar es Salaam akifanyiwa ukatili na kundi la wanaume ikasambaa katika simu za Watanzania. Afisa mmoja wa polisi alinukuliwa gazetini akimweleza binti yule kana kwamba alikuwa akijiuza. Ghadhabu ya wananchi ilikuwa kubwa, na afisa huyo akaondolewa katika nafasi yake. Tarehe 30 Septemba 2024 mahakama mjini Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha. Mahakama iliuliza waliofanya nini. Mitaani swali la kwanza lilikuwa: yeye alifuata nini? Ndugu zangu, hilo ni swali la Yakobo, naye alilijua jibu akanyamaza.

Nawaambia kwa uchungu kwamba msichana anayejua kuwa kijiji chake kitauliza swali hilo, siku akipatwa na balaa hatapiga simu nyumbani. Atanyamaza. Atatibiwa kwa siri au hatatibiwa kabisa. Kila jiwe tunalowarushia mabinti hawa sita leo ni kufuli tunaloliweka katika mlango ambao mmoja wao angeukimbilia usiku wa shida. Mnaodhani mnalinda maadili, hesabuni gharama hiyo.

6. Mafuta ya akiba

Sasa nageuka kwenu, mabinti sita. Nimewatetea, msidhani nimemaliza. Mmepanga nguo, mmepanga nauli, mmepanga picha. Naomba niwaulize kuhusu mafuta.

Mafuta ya kwanza ni fedha ya kurudi. Kila mmoja awe na yake, mkononi mwake, isiyoguswa, hata kama mwenzake ndiye mtunza hazina. Msichana asiye na nauli ya kurudi hayuko huru, yuko kwa hisani ya mtu. Na fedha hiyo iwe ya jasho, isiwe ya mkopo. Mmechangishana, nami nawasifu. Lakini nasikia wapo wanaokopa katika simu ili kukamilisha safari kama hizi. Mikopo ile watu wameiita kausha damu, na jina hilo halikutoka hewani. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Usiku mmoja wa muziki haustahili miezi sita ya kutukanwa kwa ujumbe wa simu.

Mafuta ya pili ni kulipa kiingilio chenu. Hata mkikuta ni bure, mkae meza yenu, mnunue maji na soda zenu, msipokee glasi ambayo hamkuiona ikimiminwa. Mkataeni anayelipa bili yenu bila kuombwa. Mjue kwamba ndizi imeanza kusema.

Mafuta ya tatu ni hesabu. Mmetoka sita, mrudi sita. Mmoja wenu, kwa zamu au kwa kura, asinywe kabisa. Asiwepo wa kuachwa kwa sababu amesema amepata lifti. Namba 112 ya polisi iwe katika kila simu, na dada mwenyeji ajue mko wapi na mnarudi saa ngapi.

Mafuta ya nne ni mlango wa kutokea. Hapa naongea habari ya uhai na kifo. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto 20 walikufa katika ukumbi wa disko mjini Tabora, watoto wetu waliokwenda kucheza mchana wa sikukuu katika ukumbi uliofurika. Tarehe 27 Januari 2013, mjini Santa Maria nchini Brazili, moto katika klabu uliua watu 242, wengi wao wanafunzi wa chuo, na njia ya kutokea ilikuwa moja. Mkiingia mahali mkaona mlango ni mmoja na watu wamebanana kama dagaa, geukeni, hata kama mmelipa.

Mafuta ya tano ni barabara. Kwa muda wa takriban kizazi kizima mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Tangu mwaka 2023 yameruhusiwa tena. Sasa ni rahisi mtu kusema atacheza usiku wa Jumamosi, aparamie basi alfajiri bila kulala. Msifanye hivyo. Laleni, nendeni Misa ya Jumapili huko huko, kwani Dar es Salaam ina parokia nyingi, kisha mrudi kwa amani. Mlima wa Kitonga mkiupita macho makavu, mtamshukuru Mungu.

Nasisitiza pia ninalolikataza kama mchungaji wenu: ulevi, na kuutoa mwili kwa mtu asiye mume. Hilo halibadiliki Dar es Salaam wala Kisondela, kwa msichana wala kwa kaka yake. Lakini kucheza si dhambi. Miriamu, dada yake Musa, alichukua matari akatangulia mbele ya wanawake wote.

7. Neno kwa waliopeleka mashtaka

Najua mtakachosema: Baba Paroko amefungua mlango. Wapendwa, mlango ulishafunguka. Kila siku basi linaondoka. Kwa kuwatoa kwaya hatutawazuia kwenda. Tutawazuia kurudi tu.

Niwaulize UWAKA, wanaume wenzangu Wakatoliki: katika sherehe za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara za mwaka huu, kreti ngapi za bia zilishushwa mbele ya watoto wa miaka 10? Ni baba gani aliyeitwa mbele ya jumuiya? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na ninyi akina mama, mnaojua vizuri jinsi kicheni pati inavyomalizika, mlipokuwa mkiwacheka mabinti wale mlikuwa mkicheka kitu gani hasa?

Niwakumbushe mfano mmoja wa Kanisa. Mtakatifu Yohane Bosco alianza kuwakusanya vijana wa mitaani mjini Torino mwaka 1841, akawapa uwanja, muziki, michezo na sala, kwa kuwa alijua kwamba kijana anayenyimwa furaha nyumbani kwa Baba ataitafuta popote. Lakini hata huko wavulana walitangulia. Ilipita miaka zaidi ya 30, hadi 1872, ndipo pamoja na Mtakatifu Maria Domenika Mazzarello likaanzishwa shirika la masista kwa ajili ya wasichana. Dada zetu wamezoea kusubiri. Je, na sisi tuwasubirishe miaka mingine 30?

Kwa hiyo nimekwisha amua mambo matatu, na Halmashauri ya Walei italetewa katika kikao kijacho. Kwanza, mabinti sita wanabaki kwaya, na anayewadhihaki kwa jambo hili atakuja kuzungumza nami. Pili, aliyeusambaza ujumbe wa siri wa wenzake atafakari, kabla ya kuja kitubio, kama kusengenya kumeondolewa katika orodha ya dhambi. Tatu, Jumamosi moja kila mwezi ukumbi wa parokia utakuwa wa wasichana, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 3 usiku. Watachagua muziki wao, wataongoza wao, na funguo watashika wao. UWAKA watapika na kuosha vyombo, na mwanamume hataingia ukumbini isipokuwa anabeba sahani.

Sijidanganyi kwamba ukumbi wetu wenye bati linalovuja utashindana na taa za Dar es Salaam. Sita wale huenda wakasafiri hata hivyo, nami nitawabariki mlangoni pa kanisa kabla hawajapanda basi. Lakini binti wa miaka 14 anayewatazama leo ataanza kujua kwamba furaha yake si ya kuibwa usiku mbali na kwao, na kwamba upo mlango mmoja duniani ambao ufunguo wake uko mfukoni mwake.

Wenye saruji, mabati au hata spika iliyolala nyumbani, ofisi ya parokia iko wazi kila siku baada ya Misa ya asubuhi.

Mungu awabariki nyote, na Mama Bikira Maria, aliyeona katika harusi ya Kana kwamba divai imekwisha akaingilia kati ili furaha ya watu isivunjike, awaombee.

Ni mimi, Paroko wenu.